Katoni Tatu za Signora Ornella

Vijana wangu, miguu yangu imestaafu, mgongo umestaafu, na suti yangu nyeusi ya kazi imestaafu pia, sasa inavaliwa na hanga. Ulimi peke yake ndio umekataa kupokea barua ya kustaafu. Nikikaribishwa chai mahali, nainusa kwanza, naizungusha kikombeni, naitazama rangi kwenye mwanga wa dirisha, na hapo ndipo binti yangu hunikanyaga mguu chini ya meza. Ndivyo anavyokuwa mtu aliyemimina mvinyo wa Kitaliano miaka ishirini na ushei hapa Deira. Nikipiga hesabu ya haraka nimefungua chupa milioni tatu. Binti yangu anasema nipunguze. Haya, mbili na nusu.

Naishi kwake Al Baraha, yeye ni nesi. Kila tukitoka ibadani kuna mmoja wenu ananivuta shati: "Uncle Kyalo, nimepata kazi kwenye mkahawa wa Kitaliano, nianzie wapi?" Nimejibu swali hilo kwenye ngazi za kanisa, kwenye lifti, hata kwenye foleni ya kupima damu. Sasa najibu mara moja kwa maandishi, kisha mniache ninywe chai yangu kwa amani.

Kazi yangu ilikuwa kwenye hoteli moja ya Al Rigga. Jina silitaji, maana nitasema mambo ya aibu, ingawa aibu yenyewe ni yangu. Ghorofa ya pili kulikuwa na mkahawa wa Kitaliano, na nyuma ya mkahawa chumba cha baridi chenye mvinyo kutoka kila pembe ya Italia, toka milima ya Piemonte mpaka Sisili. Mimi nilikuwa mhudumu wa mvinyo. Nyumbani Kitui jambo hili lilihitaji hekima. Mama yangu ni mtu wa kanisa, na pasta alipomuuliza nafanya kazi gani Dubai, nilimwambia kwenye simu, "Mama, mwambie niko idara ya zabibu." Sikudanganya. Lakini yeye akatangaza kwamba mwanawe ni bwana shamba wa Waarabu, na kwa muda wa mwaka mzima majirani walikuwa wakinitumia picha za majani ya miembe yenye madoa wakiniuliza wapulizie dawa gani.

Somo la kwanza: temeni. Nasema hivi kwa sababu mimi sikutema. Siku yangu ya kwanza ya mafunzo tulipangiwa glasi nane, na katikati ya meza pakawekwa ndoo nzuri ya fedha. Nilidhani ni ya maua. Nilivyolelewa, mtu akitema mbele ya wageni anatafuta kiboko, kwa hiyo nilimeza zote kwa adabu. Glasi ya tano nilikuwa najua Kitaliano. Ya nane nilikuwa nimelikumbatia friji nikiliambia siri za ukoo wetu. Baada ya hapo nilijifunza kutema kwa maji, bafuni, nikilenga tundu la sinki kutoka hatua moja, mpaka wenzangu tuliopanga pamoja wakadhani nina ugonjwa wa kifua. Mtu wa mvinyo anayemeza hawezi kufika jioni akiwa na kazi.

La pili ni kuhusu vidole. Kabla hujafungua chupa, shika ile kofia ya foili iliyofunika kizibo na ujaribu kuizungusha. Ikizunguka kama kofia ya mtoto, mshukuru Mungu. Ikiwa imeganda, mvinyo umewahi kupanda na kuvuja pembeni ya kizibo, na mvinyo haupandi bila sababu. Sababu karibu siku zote ni joto. Jambo hili halikuwa kwenye kitabu changu. Nilionyeshwa na mtu ambaye hajawahi kuonja tone la pombe maisha yake yote.

Huyo ni Makame, fundi wetu wa AC, Mzanzibari wa Unguja, mrefu kama ngazi yake. Swala tano hazimpiti. Alikuwa na ufunguo wa chumba cha mvinyo kwa sababu mitambo ya baridi ilikuwa chini ya mkono wake, lakini chupa hakuigusa. Aliinamisha kichwa tu na kuzitazama, kama daktari anayemtazama mgonjwa kutoka mlangoni. "Mie na hizi chupa," alikuwa akisema, "tunaheshimiana kwa mbali." Lakini alijua ni ipi imeumwa. Aliona kizibo kilichoinuka upana wa ukucha, aliona utepe mkavu wa sukari kwenye shingo, akaniambia, "Hiyo hebu jaribu kuizungusha kofia, yakhe. Haizunguki? N'likwambia."

Tulijuana kwa sababu ya ujinga wangu. Nilikuwa nimesoma kitabuni kwamba mvinyo mwekundu hunywewa ukiwa na joto la chumba. Nikatoa chupa kumi na mbili za Barolo kwenye baridi, nikazipanga kwenye kichochoro nyuma ya jiko, penye mabomba ya maji moto, zipate joto la chumba kwa raha zao. Ilikuwa Julai. Makame akapita na ngazi, akasimama.

"Hizi zinafanya nini hapa?"

"Ziko kwenye joto la chumba."

"Chumba cha nani?"

"Kitabu kinasema tu chumba."

"Yakhe, aliyeandika hicho kitabu alikuwa kwenye nyumba ya mawe huko Ulaya, amevaa sweta. Chumba changu mie Al Muraqqabat tunalala sita, na AC ikizimika yai linaiva lenyewe. Chumba cha nani?"

Tangu siku hiyo akawa mwalimu wangu wa joto. Alinifundisha kwamba hapa Dubai adui wa mvinyo si mlevi, ni dakika. Dakika kumi kwenye lori lililozimwa injini, dakika ishirini kwenye lifti iliyokwama. Mvinyo hausahau, alisema. Ukishapikwa, ukiurudisha kwenye baridi unakuwa tu mvinyo uliopikwa wenye baridi.

Nyinyi mmekuta mambo mengi mapya, na mimi nayafuatilia kwenye simu kila asubuhi kuliko ninavyofuatilia siasa. Huko Italia kwenyewe joto limewafikia. Wanavuna mapema kuliko babu zao, na wengine wanaihamisha mizabibu juu zaidi mlimani kutafuta hewa ya baridi. Kuna aina za zabibu ambazo watu walikuwa wameshazitupa, sasa wanazirudisha. Chupa zimepungua uzito, jambo ambalo mgongo wangu unasikitika kwamba limechelewa kuja. Na siku hizi Waitaliano wenyewe wanatengeneza mvinyo uliotolewa kileo, jambo ambalo zamani ukilitaja mbele yao ungepigwa kwa mkate. Hapa kwetu unaagizwa sana. Nilimpelekea Makame habari hiyo nikidhani nimemletea zawadi. Akasoma yote, akanirudishia simu. "Mashallah. Mie nimeridhika na maji ya ndimu."

Sasa nifike kwenye kile nilichokalia kuandika. Msicheke kabla sijamaliza.

Mimi sikusoma sana utotoni. Darasa la nane nilitoka nikiwa na kiatu kimoja cha kulia na kingine pia cha kulia. Kwa hiyo nilipofika hapa na kuona mikahawa inataka vyeti, nikajiandikisha shule ya jioni ya wahudumu wa mikahawa Al Muraqqabat, chumba kimoja juu ya duka la masanduku ya safari. Tulikuwa Wakenya, Waganda, Wahindi, Wanepali, na mwalimu aliyefundisha akitembea ili asisinzie. Nilikipenda kile chumba kuliko mahali popote duniani. Nilikaa mbele. Nilikuwa na kalamu nne, za rangi nne, na sikumwazima mtu.

Mwaka wangu wa mwisho pale shuleni, mwezi wa Agosti, kampuni inayoleta mvinyo nchini ilituletea katoni tatu, chupa kumi na nane, za mama mmoja mkulima kutoka vilima vya Piemonte. Nitamwita Signora Ornella. Ulikuwa mvinyo mweupe wa zabibu iitwayo Timorasso, moja ya zile zilizokaribia kupotea. Katoni zililetwa mapema kwa sababu mvinyo uliosafiri hupumzishwa, na mwenyewe angekuja Oktoba kuuonyesha kwenye chakula cha mchana mbele ya Sir Elias, mnunuzi mkuu wa ile kampuni, Mlebanoni mwenye pua ambayo naamini ilikuwa na bima yake.

Lori lilifika alasiri ya siku ya mtihani wangu wa mwisho. Mtihani ulikuwa saa kumi na moja. Nikasaini. Lifti ya mizigo ilikuwa imeshikwa na watu wa dobi. Nikangoja, nikaangalia saa, nikangoja tena. Ule mlango wetu wa mizigo unaangalia magharibi, na jua la alasiri huingia mpaka ndani kama mtu mwenye ufunguo. Nikazisukuma katoni nyuma ya matoroli ya mashuka, nikajiambia nitarudi baada ya mtihani, nikakimbia.

Swali la tatu kwenye karatasi lilisema: Eleza madhara ya joto kwa mvinyo. Vijana, niliandika kurasa mbili! Niliandika jinsi kizibo kinavyoinuka, jinsi harufu ya matunda mabichi inavyogeuka kuwa ya tofaa lililochomwa, jinsi rangi inavyozeeka. Nilipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Nilipata alama zote za swali hilo. Baada ya mtihani tukagonganisha viganja kwa furaha, tukaenda kula biriani, nikalala usingizi wa mshindi. Nilikumbuka zile katoni kesho yake nikiwa katikati ya kupiga mswaki.

Nilipofika zilikuwa pale pale. Zilikuwa zimekula jua la alasiri nzima, na usiku kucha joto la Agosti ambalo halipoi hata jua likienda zake. Niligusa katoni ya juu nikatoa mkono. Nikaziingiza kwenye baridi, nikazipanga nyuma kabisa, nikafunga mlango. Na mimi niliyetoka kuandika kurasa mbili nikajiambia labda zitapona.

Sikumwambia mtu. Cheti kikatoka, nikapiga picha nacho. Madam Lourdes, meneja wetu wa mkahawa, Mfilipino mfupi mwenye sauti ya filimbi ya refa, akaanza kusema kwamba kufikia mwisho wa mwaka mimi ndiye nitakuwa mkuu wa mvinyo. "Mwanafunzi bora," alikuwa akiniita mbele ya wenzangu. Kila aliponiita hivyo, akili yangu ilikuwa ikienda nyuma ya kile chumba kutazama zile katoni.

Oktoba Signora Ornella akafika. Nilitegemea mama wa mikufu na miwani mikubwa. Akaja mwanamke wa viatu vya chini, udongo bado uko kwenye kucha, akakaa mkahawani asubuhi kabla hatujafungua na kuomba kahawa. Kiingereza chake na changu vilikuwa vimevunjika mahali tofauti, kwa hiyo tulipoviunganisha tulipata kimoja kizima.

"Kule chini joto limezidi," aliniambia. "Zabibu zinaiva mbio, zinapoteza ule uchachu wa ndimu. Basi nimepanda juu, karibu na msitu. Huu mnaoufungua leo ni wa shamba la juu. Watoto wangu wako mjini, wanasema mama amechanganyikiwa, anapanda mizabibu kwa ajili ya nguruwe mwitu."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema leo nitajua. Huyu bwana akiutaka, nabaki juu. Asipoutaka, nikirudi nang'oa. Sina nguvu za kupanda kile kilima bure."

Akanywa kahawa yake, akatabasamu. Mimi nikaenda kufungua chupa nikiwa nimebeba ile sentensi.

Kofia ya chupa ya kwanza haikuzunguka. Nikaikata kwa kisu. Kizibo kilikuwa kimeinuka, na kando yake utepe mkavu. Nikamimina kidogo: rangi ya chai ya jana. Nikanusa. Tofaa lililochomwa, kama nilivyoandika, neno kwa neno. Nikafungua ya pili, ya tatu, moja kutoka kila katoni, kisha tatu nyingine kwa kutokuamini. Sita. Zote zilikuwa ndugu.

Nikamwita Madam Lourdes.

"Madam, mvinyo wa Signora umeharibika. Ni joto."

Akanusa, akarudisha kichwa nyuma. "Zote?"

"Nimefungua sita."

"Basi ni AC. Niitie Makame."

Sikusema kitu. Hapo ndipo nataka mnitazame vizuri, vijana, maana hadithi nyingi za wazee huruka sehemu hii. Sikusema kitu. Nilikwenda kumwita Makame kwa miguu yangu mwenyewe.

Akaja na spana mkononi na lile daftari lake alilokuwa akiandika baridi ya kila chumba, asubuhi na jioni. Madam akamweleza. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi ule ule, na wote watatu tulijua.

"Madam," Makame akasema taratibu, "chumba changu hakijapanda. Kipo hapa, siku kwa siku."

"Daftari unaandika mwenyewe, Makame."

Akalifunga. Hakukasirika, akanigeukia mimi. "Haya, hebu sema weye Kyalo. Unaingia mle kila siku kuliko mie. Ushawahi kukuta joto?"

Aliuliza kama mtu anayeomba shahidi kwa jirani aliyemwamini. Nilitazama spana yake. Ilikuwa na utepe wa bluu kwenye mpini.

"Sijawahi," nikasema. "Chumba hakina kosa. Nilizisahau nje. Mlangoni, Agosti, siku ya mtihani. Zililala pale mpaka kesho yake."

Mtu wa jikoni aliangusha sufuria, na sauti yake ilichukua kama wiki mbili kuisha.

"Mwanafunzi bora," akasema Madam.

"Ndiyo, madam."

Makame akaweka spana chini. "Mtihani wa nini?" akauliza.

"Wa kutunza mvinyo."

Akafunika uso kwa daftari. Mabega yalikuwa yakitikisika, na mpaka leo anakana kwamba alikuwa anacheka.

Madam hakucheka. Alikaa kwenye kiti cha mgeni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Sikiliza. Wanakuja saa saba. Wewe mimina tu. Hawaujui mvinyo huu, watadhani ndivyo ulivyo. Wakiukataa, amekosa bahati, anarudi kwao. Khalas."

"Atang'oa shamba, madam. Ameniambia."

"Na ukisema, nitalazimika kukuandikia barua ya onyo. Ukuu wa mvinyo usahau mwaka huu. Sikuchukii, Kyalo. Lakini si mimi peke yangu ninayeamua mambo ya hoteli."

"Najua, madam."

"Basi fanya unavyojua," akasema, akaondoka kwenda kupanga maua ambayo yalikuwa yamepangwa tayari.

Nikamfuata Signora. Nilibeba glasi mkononi kwa sababu sikuwa na Kiingereza cha kutosha. Nikaiweka mbele yake, akainusa, na uso wake ukazima kama taa. Nikamweleza yote: lori, dobi, jua, biriani. Hata swali la tatu nilimwambia, sijui kwa nini. Akasema maneno ya Kitaliano ambayo shule ya jioni haikutufundisha. Kisha akainuka, akaenda kwenye lifti, na mlango ukajifunga.

Nikasema, basi, amekwenda kufunga sanduku.

Alirudi baada ya dakika kumi, ndefu kama mwezi wa Januari. Mkononi alikuwa na soksi ya sufu, kubwa, ya mwanamume, na ndani ya soksi chupa moja. Alikuwa amemletea mpwa wake anayefanya kazi Abu Dhabi. Mvinyo ule ule, shamba lile lile la juu. Akanipa.

"Utamimina wewe," akasema. "Na utasema wewe."

Basi saa saba nikasimama mbele ya watu tisa, na kila mtu ana glasi mbili. Nikamimina ile iliyoharibika upande wa kushoto, na ile ya soksi upande wa kulia, kidogo kidogo, maana chupa moja kwa watu tisa ni kama dawa ya macho.  

Sir Elias alianza kushoto. Akakunja uso.

"Sir," nikasema, "glasi hiyo ililala nje ya mlango wetu siku moja ya Agosti. Mimi ndiye niliyeilaza. Chumba chetu ni kizima na fundi wetu hana kosa. Glasi ya kulia ni mvinyo ule ule, uliokuja kwenye sanduku la Signora. Naomba umhukumu kwa hiyo."

Madam Lourdes alikuwa mlangoni, akitazama dari.

Sir Elias akachukua ya kulia. Akanusa, akangoja, akanusa tena. Mimi harufu ilinifikia nilipokuwa nimesimama: ganda la ndimu, asali kidogo, na jiwe lililonyeshewa mvua. Akaonja. Hakutema. Vijana, mtu wa kazi ile asipotema, mtazameni vizuri. Akarudi kushoto, kisha kulia, kisha akamsogezea Signora kiti chake na kuanza kumuuliza mambo ya udongo, kilima kinaangalia wapi, msitu uko umbali gani. Walizungumza mpaka tambi zikapoa, na wapishi wakanichukia kwa muda.

Mwisho akasimama. "Nimepigizana kelele na madereva wangu miaka yote kuhusu jua," akasema. "Sikuwahi kuwa na kitu cha kuwaonjesha. Chupa zilizobaki za kushoto nitazichukua, ziwe somo. Na huu wa kulia nitauleta. Kwa sharti moja, gari la baridi liufikishe mpaka mlangoni." Akanigeukia. "Na anayeupokea asiwe mwanafunzi."

Meza yote ikacheka. Signora akacheka kuliko wote, akipiga meza kwa kiganja, machozi yanamtoka. Mimi nilicheka baadaye, kama mwaka mmoja baadaye.

Barua ya onyo niliipata kesho yake, na Madam mwenyewe ndiye aliyeniletea, pamoja na sahani ya tambi. Ukuu wa mvinyo alipewa mwenzangu mwingine, kijana mzuri, sina neno naye. Mkataba wa Makame uliongezwa. Mimi niliomba kazi ambayo hakuna aliyekuwa akiitaka, ya kupokea mizigo ya mvinyo mlangoni, na Makame na mimi tukaweka utaratibu wetu: hakuna kusaini mpaka katoni ya mwisho iwe ndani ya chumba na mlango umefungwa. Madereva walikuwa wakitupigia honi, "Yalla, yalla, saini!" Makame anawaletea kiti na maji baridi. "Kaa, baba. Hatuna haraka sie." Wengine walikaa mpaka wakaanza kuwachumbia mabinti zetu. Miaka miwili baadaye ule ukuu nikaupata, lakini mlango sikuuacha. Mkinisikia nimewauliza kwanza kuhusu mlango wa mizigo na si kuhusu glasi na Kitaliano, sasa mnajua.

Signora Ornella amezoea kunitumia ujumbe wa sauti kila mavuno yanapoanza. Wa mwaka huu umeingia leo asubuhi, kabla sijashika kalamu. Hewa ya kule inasikika, na trekta, na mtu anayefoka. "Kyalo," anasema, "kule chini nimeacha kabisa. Tumeongeza mistari minne karibu na msitu. Huyo unayemsikia ni mwanangu mkubwa, amerudi tangu Machi. Ananifokea nishuke kwenye ngazi." Kisha anamjibu mwanawe kwa Kitaliano kirefu, na hashuki, maana sauti ya makasi inaendelea, ch, ch, ch, mpaka ujumbe unaisha.

Nimeusikiliza mara tatu. Mara ya nne nimemwita binti yangu kutoka jikoni aje asikie.